Kina cha Bahari: Vibwagizo vya Sikukuu Vilivyoachwa Nje ya Maktaba

Katika kila kituo cha redio na televisheni kuna utungo mmoja usioandikiwa jina la mtunzi, usiowekwa katika ratiba, wala usiochukua zaidi ya nusu dakika. Ni ule mlio, au ile picha, inayokaa baina ya kipindi na kipindi kumwambia msikilizaji kuwa hapa ni pahala fulani na sasa ni wakati fulani. Watangazaji huuita kibwagizo, na neno hilo wameliazima katika shairi. Mshairi anaijua kazi yake: mshororo unaorudi ubeti baada ya ubeti haumpi msikilizaji habari mpya, bali humrudisha nyumbani baada ya kila safari. Katika utenzi kazi hiyo hufanywa na kina cha bahari. Vipande vitatu vya mwanzo huruhusiwa kubadili kina kadiri mtunzi apendavyo. Cha nne hakina ruhusa hiyo. Kiondoe, na beti mia tano za utenzi zitakuwa beti mia tano zisizojuana.

Ajabu basi ni kwamba wanaohifadhi utangazaji wa zamani, aghalabu, wamevihifadhi vile vipande vitatu na kukiacha cha nne.

Uingereza walilitambua jambo hili wakiwa wamekwisha kuchelewa. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila ilipofika Desemba, BBC1 iliiweka kando dunia yake iliyozoea kuzunguka kwenye kioo, na mahala pake pakaja umbo dogo la Krismasi lililotengenezwa kwa mikono na kuzungushwa kwa mota mbele ya kamera. Picha ilikwenda hewani papo hapo. Hapakuwa na sababu ya kuinasa, maana kesho yake ingeoneshwa tena, na sikukuu ikipita umbo lenyewe halina kazi. Mengi ya yale yanayojulikana leo hayakutoka katika ghala la kituo; yametoka katika majumba ya watu, kwenye kanda za video za nyumbani. Mtu alitaka filamu ya saa tatu usiku, akabonyeza kitufe mapema kidogo kwa kuogopa kukosa mwanzo, na ule umapema wake ndio uliookoa kitu ambacho yeye mwenyewe hakukitaka.

Kisa hiki kinapoletwa Afrika Mashariki lazima kibadili sura. Zanzibar iliona televisheni, tena ya rangi, mapema katika miaka ya 1970. Bara ilingoja hadi 1994. Kwa hiyo anayetafuta kitambulisho cha kale cha Krismasi cha televisheni katika pahala kama Mkuyuni, miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, katika njia iendayo Matombo, hatakipata, kwa kuwa hakikuwapo. Atakachokipata ni redio. Na nchi ile si ngeni sana kwa msomaji wa visiwani kama ramani inavyodai. Kuna karafuu kule, kuna mdalasini na pilipili manga. Kuna misikiti na kuna misheni, na watu wake wanaishi mlango kwa mlango. Krismasi na Idi zote mbili zilifika kwa sanduku lile lile, lenye betri zilizoanikwa juani ili zipate uhai wa siku moja zaidi.

Tangu 1965, lilipopewa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, shirika lile lilikuwa ndilo sauti ya Bara kwa takriban miongo mitatu. Wenye umri wanavikumbuka vipindi kwa majina: Mama na Mwana, Ugua Pole, Pwagu na Pwaguzi, Malenga Wetu. Lakini waulizwe ni nini kilichowafanya wanyamaze, hata mtoto akaacha kulia, na wengi hawatataja kipindi. Watataja ngoma zilizotangulia taarifa ya habari.

Ngoma zile zilipigwa na Mzee Morris Nyunyusa, mtu wa kusini mwa Tanzania, kipofu, aliyekuwa akizipanga ngoma nyingi kumzunguka na kuzipiga zote peke yake. Mwaka 1970 alizipiga hadi Osaka, Japani, katika maonesho makubwa ya dunia. Hayo ni maisha yake. Utungo wake unastahili kusikilizwa kwa namna nyingine, kama usikilizwavyo ubeti. Jambo la kwanza la kusikia ni kwamba kila ngoma ina sauti yake, na mpigaji hazichanganyi. Nyembamba inauliza, nene inajibu, na katikati ya swali na jibu kuna nafasi ndogo ambayo mikono miwili ya kawaida isingeweza kuijaza kwa wepesi ule. Jambo la pili ni kwamba hapana maneno. Malenga hutegemea vina; hapa urari umejengwa kwa uzito wa sauti peke yake, na bado sikio linajua pale mshororo unapokatika. La tatu ndilo zito zaidi. Sauti iliyodhaniwa kuwa ya taifa zima, ya umati wa wapigaji katika uwanja fulani, ilikuwa ya mtu mmoja aliyekaa gizani mwake akiyahesabu mapigo. Mamilioni wameisikia kwa miaka mingi, na wengi wao hadi leo hawajui kuwa ina mwenyewe.

Msikilizaji wa Mkuyuni aliyekuwa na redio ya masafa mafupi aliweza kulinganisha. Idhaa ya Ujerumani, Deutsche Welle, ilijitambulisha kwa kipande cha Beethoven kutoka katika opera ya Fidelio, kikipigwa kwa selesta, ala yenye mlio wa kengele ndogo. Ni kipande kizuri, hapana ubishi, lakini kilichaguliwa kama mtu anavyochagua kito cha urithi kutoka sandukuni. Dar es Salaam ilimchukua mtu aliye hai na kumweka mlangoni. Kwa kipimo cha sanaa, uamuzi wa pili ulikuwa wa kijasiri zaidi. Tena ngoma ile haikuwa na dini: nyuma yake iliweza kuja kwaya ya Krismasi, na nyuma yake liliweza kuja tangazo la kuandama kwa mwezi, na isimwonee haya yeyote.

Hayo hayawezi kusemwa juu ya mengi yaliyofuata. Vituo vya televisheni vilipoanza Bara, ITV ikiwa miongoni mwa vya mwanzo, na baadaye televisheni ya taifa, Desemba ilianza kuvaa nguo za kuazima. Aghalabu salamu za sikukuu kwenye kioo zimekuja na theluji, na msunobari, na mzee mwenye ndevu na koti la manyoya, wakati Dar es Salaam mtazamaji anajipepea kwa gazeti, na kule Uluguru mvua za vuli zimeigeuza njia ya mlimani kuwa utelezi. Nchi inao mti wake wa msimu huo, unaochanua wekundu wa moto Desemba, na watu wameuita mkrismasi bila ya kuamrishwa na mtu. Mtengenezaji wa picha angeweza kuchungulia dirishani tu. Utungo wa namna hiyo ni sawa na shairi lililotimiza mizani kwa maneno ya mtu mwingine.

Hata hivyo nazo zihifadhiwe. Mhakiki hawezi kuukosoa utungo usiokuwapo, na kizazi kinachokuja hakitajua Krismasi ya televisheni ilivyofika kwake na theluji ikiwa ushahidi umefutwa. Kuhifadhi si kusifu. Wapo wakusanyaji, huku na ng'ambo, ambao kila kilicho cha zamani kwao ni dhahabu. Mapenzi yao yanaokoa vitu, lakini hayasaidii kuvipima.

Kuhusu nyimbo, kazi iliyofanyika si haba. Bendi za Bara, kwa uhaba wa studio nyingine, zilirekodi nyimbo zao nyingi katika studio ya Radio Tanzania. Morogoro peke yake ilimtoa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Sehemu ya hazina hiyo imetolewa upya, na mfululizo wa Zanzibara, ulioanza 2005 kwa taarabu ya Ikhwani Safaa, ulizitia ndani pia bendi za dansi za Dar es Salaam. Ni kazi ya kushukuriwa. Lakini ni kazi ya nyimbo: wimbo unaanza unapoanza na kwisha unapokwisha, na yule aliyeutangaza, saa aliyoitaja, salamu alizozifikisha, ngoma iliyomkatiza, vyote vimebaki nje. Wimbo umefika nyumbani bila ya njia uliyoijia.

Sababu yake si uzembe peke yake. Wimbo ulikuwa na jina, na bendi, na namba ya rafuni. Kibwagizo hakikuwa na namba. Kilikuwa chombo cha kazi, kama ufunguo wa mlango. Kanda iliyochezwa kila siku huchakaa kabla ya ile inayochezwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo kilichosikiwa zaidi ndicho kilichokwisha mapema. Na salamu za mtangazaji za asubuhi ya sikukuu zilisemwa moja kwa moja, zikapita na upepo.

Patakuwa na atakayeuliza kama vitu hivi vina hadhi ya kuitwa sanaa hata viandikiwe katika kurasa za mashairi. Jibu liko Mombasa. Muyaka bin Haji alitunga juu ya mambo ya siku zake, ya mjini, ya vita na ya mapenzi, na alipofariki mwaka 1840 diwani yake haikuwapo. Kilichokuwapo ni beti vichwani mwa watu. Mwalimu Sikujua alizikusanya na kuzieleza, Taylor akaziandika, na ilibidi ufike mwaka 1940 ndipo Hichens alipozichapisha. Laiti wale wawili wangesubiri wenye hukumu waamue kwanza kama mashairi ya sokoni yana hadhi ya tenzi za msikitini, leo Muyaka angekuwa jina tu.

Sikujua wa redio yuko Mkuyuni, na Matombo, na Makunduchi, na Wete. Ni mtu yeyote aliyenunua kaseti tupu katika miaka ya 1970 au ya 1980 akaiweka mbele ya redio, au ndani ya redio kaseti kwa aliyejaliwa, ili aunase wimbo wa Mbaraka. Hakuujua wimbo utakuja dakika gani, kwa hiyo aliacha ukanda uende. Kaseti za namna hiyo ndizo za kutafutwa, na wakati wake ni mfupi: miteremko ile ya mashariki hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, na ukungu huuvamia ukanda kama uvamiavyo kitabu. Iliyoota ukungu isichezwe ili kujaribu. Kichwa cha mashine kitaikwangua sauti pamoja na uchafu. Isafishwe kwanza na mwenye ujuzi, ndipo ichezwe mara moja tu, huku ikinakiliwa.

Na wanaonakili wana mazoea mabaya yanayohitaji kusemwa waziwazi. Wakiipata kaseti ya mzee fulani huitafuta nyimbo iliyoandikwa juu ya kasha, huinakili, kisha hukata kichwa na mkia: sauti ya mtangazaji itoke, ngoma zitoke, jogoo aliyewika nje ya dirisha naye atoke. Jina la faili huwa jina la bendi. Kaseti halisi hurudishwa kwa mwenyewe, naye, akiambiwa kuwa sasa wimbo uko salama, huirekodia juu mawaidha au kwaya ya wajukuu. Inakiliwe pande zote mbili, mwanzo hadi mwisho, na ukimya wake. Iandikwe ilinaswa na nani, katika nyumba gani, msimu gani. Mwenyewe akikumbuka kuwa ilikuwa asubuhi ya Krismasi, au usiku wa kuamkia Idi, hilo liandikwe kabla ya jina la wimbo.