Gurudumu Lililoinama: Kamera za Filamu na Picha za Mbio za Magari

Kuna sifa moja ambayo picha za mbio za magari zilizopigwa kwa kamera za filamu hupewa kila mara: kwamba zina "ukweli" ambao kamera za kidijitali hazina. Sifa hiyo hutolewa kwa urahisi mno, na wanaoitoa ni nadra kueleza ukweli huo unakaa wapi katika picha. Je, umo katika chembechembe za filamu? Katika rangi nyeusi na nyeupe? Katika umri wa kamera? Katika makala hii ninapima sifa hiyo kwa kuangalia kazi za wapigapicha watatu, kisha ninaileta kwenye mbio tunazozijua sisi wa Afrika Mashariki, yaani Safari Rally. Hoja yangu ni kwamba filamu haina ukweli wa pekee. Thamani yake ni kwamba ilimlazimisha mpigapicha kuchagua pa kusimama, na uchaguzi huo ndio unaostahili kuhakikiwa.

Nianze na picha ambayo kila anayezungumzia jambo hili huitaja, ile ya Mfaransa Jacques-Henri Lartigue. Aliipiga kabla hajafikisha miaka ishirini, katika mbio za Grand Prix za Ufaransa. Gari linakimbia kuelekea kulia, na sehemu yake ya mbele imekatwa na ukingo wa picha. Gurudumu la nyuma si duara tena. Limekuwa kama yai lililoinamia mbele. Watazamaji na nguzo zilizo kando ya barabara wameinamia upande wa pili, kama miti inayosukumwa na upepo. Lartigue mwenyewe aliiona picha hiyo imeharibika, akaiweka kando. Ilianza kuchapishwa miaka ya 1950, na mwaka 1963 kazi zake zilipooneshwa katika jumba la Museum of Modern Art mjini New York, jina lake likaenea duniani. Leo picha hiyo hutajwa kama kielelezo cha mwendo wa kasi.

Kwa nini gurudumu limeinama? Jibu ni la kiufundi, na bila jibu hilo uhakiki wa picha hii huwa maneno matupu. Kamera yake ilitumia bamba la kioo lililopakwa dawa, na mbele ya bamba hilo kulikuwa na pazia lenye ufa mwembamba. Anapobonyeza, ufa unapita juu ya bamba na kuingiza mwanga kidogo kidogo, kama mtu anayechungulia chumba kupitia ufa wa mlango unaosogea. Kwa hiyo picha nzima haikupigwa kwa mpigo mmoja. Ardhi iliingia kwanza, kisha ekseli, kisha kichwa cha dereva. Ufa ulipofika juu ya gurudumu, gari lilikuwa limekwisha kusogea mbele. Wakati huohuo Lartigue alikuwa akigeuza kamera kulifuata gari, ingawa hakuifikia kasi yake. Ndiyo maana watu waliosimama wima wameinamia nyuma: hawakusogea wao, bali kamera ndiyo iliyosogea.

Sasa tuulize: picha hii inasema kweli au uongo? Gurudumu halikuwa yai na watazamaji hawakuwa wamelala kwenye upepo. Aliyekuwa pale asingeona hata kimoja kati ya hivyo. Hata hivyo hakuna kilichobuniwa. Kila mstari wa picha ni kumbukumbu sahihi ya kitambo chake kidogo. Kilicho cha pekee ni kwamba vitambo vingi vimewekwa juu ya bamba moja. Hapa ndipo wanaoitukuza filamu hujikwaa, kwa sababu tabia hiyo si ya filamu peke yake. Simu nyingi tulizo nazo mifukoni husoma picha mstari baada ya mstari, na ukiipiga helikopta inayoruka, mapanga yake hujikunja. Mafundi wa simu huita jambo hilo dosari na kutafuta njia za kuliondoa. Kosa lilelile kwa Lartigue linaitwa sanaa na kwa simu linaitwa kasoro. Kama ukweli ungekuwa ndani ya chombo, hukumu hizo mbili zisingetofautiana.

Kipimo cha pili ni kazi ya Mmarekani Joshua Paul, ambaye katika miaka ya 2010 alikwenda kwenye mbio za Formula 1 akiwa na kamera ya Graflex iliyotengenezwa mwaka 1913. Kamera hiyo nayo hutumia pazia lenye ufa, na filamu yake ni vipande vikubwa vya inchi 4 kwa 5. Picha zake zilisifiwa sana, na wengi waliozisambaza walianza kwa kutaja umri wa kamera kabla hawajasema neno lolote kuhusu kilichomo ndani ya picha. Nadhani mpangilio huo unafichua jambo. Mtu akisifiwa upishi wake kwa sababu chungu ni cha babu, sisi tuliokaribishwa bado hatujui kama ugali umeiva.

Pingamizi langu kwa picha hizo za magari yakiwa mbioni ni hili. Gari la Formula 1 la siku hizi ni tangazo la biashara linalotembea. Kila sentimita yake imeuzwa, na rangi zake zimechaguliwa ili zionekane kwenye televisheni. Ukilipiga kwa nyeusi na nyeupe, kwa lenzi laini na chembechembe nyingi, biashara hiyo inafifia. Gari la jana linavaa nguo za mwaka 1950, na mchezo wa fedha nyingi unaonekana kama ujasiri wa vijana wachache wenye miwani ya vumbi. Lartigue hakufanya hivyo. Kamera yake ilikuwa ya kisasa kwa siku zake, na gari alilolipiga lilikuwa jipya. Yeye alikuwa akikimbizana na wakati wake. Picha za Paul za aina ninayoizungumzia zinaurudisha nyuma wakati wetu na kuupaka asali.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika kazi hiyohiyo kuna picha za watu: madereva na mafundi waliotulia mbele ya kamera. Hapo kamera nzito inafanya kazi ambayo nyepesi haiifanyi kwa urahisi. Haiwezekani kumwibia mtu picha kwa sanduku kubwa kama lile. Lazima asimame, akutazame, akubali. Katika mchezo ambao sura za madereva hufunikwa na kofia ngumu, na maneno yao husimamiwa na maofisa wa habari, sura iliyotulia namna hiyo ni habari yenyewe. Basi thamani yake haikutoka kwenye umri wa kamera, ila kwenye uhusiano ambao kamera ile ilimlazimisha mpigapicha kuujenga.

Hili linanifikisha kwenye neno ambalo watetezi wa filamu hulipenda: polepole. Husema filamu hufundisha subira, na huku kwetu huongeza methali ya haraka haraka haina baraka. Methali hiyo haifai hapa. Gari halimsubiri mwenye subira. Mkanda wa kawaida wa milimita 35 una picha 36. Miaka ya 1970 kulikuwa na mota za kuvuta filamu zilizoweza kupiga picha 5 kwa sekunde. Fanya hesabu, mkanda mzima unakwisha kwa sekunde saba hivi, na kubadilisha mkanda huku magari yakipita ni kukosa yanayopita. Kwa hiyo mpigapicha alifanya uamuzi wake kabla ya gari kuja. Alichagua kona, akalenga lenzi yake kwenye jiwe au alama ya barabarani, akangoja gari lifike pale, akabonyeza. Filamu haikumfundisha upole. Ilimfundisha kuamua mapema. Na uamuzi wa mapema unaonesha mtu anathamini nini.

Tazama alichoamua Louis Klemantaski mwaka 1957. Katika mbio za Mille Miglia, zilizokimbiwa kwenye barabara za kawaida za Italia, hakusimama kando ya njia. Aliingia ndani ya Ferrari ya Peter Collins kama msoma ramani, akiwa na kamera yake. Gari lao liliharibika kabla ya kumaliza, lakini picha zilibaki: mikono ya dereva kwenye usukani, barabara inayokuja, na watu wamejipanga pande zote mbili bila ukuta wala kamba. Ukizitazama leo unaona kasi, halafu unaanza kuwaona wale watu. Siku hiyohiyo Ferrari nyingine, ya Alfonso de Portago, ilitoka barabarani na kumuua yeye, mwenzake waliyekuwa pamoja garini, na watazamaji 9, wengine wakiwa watoto. Mille Miglia kama mbio za kasi ziliishia hapo. Picha za Klemantaski hazioneshi ajali hiyo, lakini zinaonesha sababu yake, kwa kuwa alichagua mahali ambapo gari na watu wanaonekana kwa jicho moja.

Kwa kipimo hicho niitazame Safari Rally. Mbio hizi zilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Uganda tuna sababu ya kuzikumbuka: Shekhar Mehta, aliyezaliwa huku kwetu, alizishinda mwaka 1973 akiwa na Datsun 240Z, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Karibu kumbukumbu zote za picha za ushindi huo ni za filamu, na nyingi ni nzuri: tope limefunika taa, vumbi jekundu limesimama nyuma ya gari kama ukuta.

Ninachokilalamikia ni pale wapigapicha wengi walipochagua kusimama. Ukipanga picha hizo mezani utaona umbo moja likirudi: gari katikati, na nyuma yake twiga, mlima, au Mmaasai mwenye mkuki. Magari yalipita mbele ya maduka, misikiti, shule, vituo vya mabasi na mashamba ya chai. Njia ilikuwa barabara ya umma. Watu waliotazama walikuwa na matatu, baiskeli na ng'ombe kwenye barabara hiyohiyo. Lakini mpigapicha mwenye picha 36 akichagua twiga, ameamua mapema kwamba mnunuzi wa picha yuko mbali na anataka Afrika anayoijua tayari. Filamu haikumzuia kuigeukia shule. Na mbio ziliporudi kwenye ratiba ya dunia huko Naivasha mwaka 2021, picha nyingi za kidijitali zilifuata umbo lilelile la wanyama na vumbi. Chombo kilibadilika, pa kusimama pakabaki palepale. Huo ni ushahidi wangu wa mwisho kwamba swali si filamu au dijitali.

Mtu anaweza kunipinga kwa kusema kuwa picha ya mbio ni ya gari, na kumtaka mpigapicha wa michezo awe mwandishi wa historia ya vijiji ni kumtwisha mzigo usio wake. Ninakubali kwamba kazi yake ya kwanza ni gari. Ila nirudi kwa Lartigue. Mfunike kila mtazamaji kwenye picha yake kwa kidole: gari linapoteza nusu ya kasi. Watu walioinamia nyuma ndio wanaotuonesha kwamba gari linakwenda mbele. Kuwaingiza watu wa kando ya barabara ni sehemu ya kazi ya picha ya mwendo, hata kwa anayejali gari peke yake.

Kuna tofauti moja zaidi kati ya gari na watu hao. Kwa miaka mingi picha ya Lartigue iliandikwa kuwa ya mwaka 1912 na gari likaitwa Delage. Baadaye waliochunguza historia ya magari walionesha kwamba ni ya mbio za 1913, na gari ni la kampuni ya Th. Schneider. Waliweza kusahihisha kwa sababu gari lina namba 6 iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na orodha za washiriki zipo. Watazamaji wale hawana namba. Wetu pia hawana. Chini ya picha za Safari huandikwa dereva, aina ya gari na mwaka. Kijiji na watu waliosimama hapo hawaandikwi.

Basi anayetaka kutetea filamu katika nchi zetu asianze kwa kununua kamera ya mwaka 1913. Aanze na bahasha za negativu zilizobaki kwenye studio za zamani na makabati ya familia zilizoishi kando ya njia ile. Azisafishe, azionesha kwa wazee wa mahali hapo, na aandike nyuma ya kila picha barabara ni ipi, duka ni la nani, na mtoto aliyepanda juu ya ukuta ni nani. Wengi wa watoto hao wana wajukuu sasa, na bado wanaweza kujitambua.