Sindimba Jukwaani na Sindimba Uwanjani

Sindimba ya Wamakonde imesifiwa sana na kulaumiwa sana. Lakini wengi wa wasifuo na wa walaumuo wameiona mahali pamoja tu, napo ni jukwaani. Baada ya Rais Nyerere kuunda wizara ya utamaduni mwezi Desemba 1962, kikundi cha ngoma cha taifa kiliipokea sindimba kutoka kusini, na shule nyingi zikafuata. Tangu hapo, machoni pa watazamaji, kiuno kikawa ndiyo sindimba yote.

Huko kwao, katika vijiji vya Newala kama Mkunya, na mpaka Masasi, ngoma hii imefungamana na jando na unyago. Aliyepo uwanjani anajua ni mwana wa nani aliyetoka kufundwa, na kwa nini mama yake anapiga vigelegele. Kiuno kinanena habari ya utu uzima na uzazi, na wasikilizaji wake wamekwisha kufundishwa lugha hiyo. Mtazamaji aliyekata tiketi hakufundishwa. Basi huona mchezo, na pengine huona aibu.

Jambo hili halikuwapata Wamakonde peke yao. Wachungaji wa Hungaria wana ngoma ya kale ichezwayo kwa fimbo. Mchezaji huizungusha, huipitisha chini ya mguu, huirusha na kuidaka, na filimbi au zumari yenye mfuko wa ngozi ikilia. Fimbo hiyo ndiyo aliyochungia nguruwe au kondoo, na wenzake humpima kwa ustadi wanaoujua kazini. Katika miaka ya 1950 vikundi vikubwa vya serikali viliipanga ngoma ya vijijini kwa safu na mavazi ya fahari. Ikapendeza, lakini wenyeji wakageuka watazamaji.

Hifadhi ya mashine nayo ina mpaka wake. Mwaka 1906 Béla Bartók alianza kunasa nyimbo za wakulima wa Hungaria katika nta. Mwaka huohuo Karl Weule, Mjerumani, alizinasa nyimbo za Masasi na Newala kwa chombo cha namna hiyohiyo. Wote wawili waliokoa sauti. Uwanja hauingii katika nta.

Dawa ilianza Budapest mwaka 1972, vijana walipofungua nyumba za ngoma, ambamo hapana jukwaa: kila aingiaye hufundishwa na hucheza. Mwaka 2011 UNESCO iliitambua njia hiyo kuwa mfano mwema wa kuhifadhi.

Jukwaa halistahili laana, maana bila hilo wengi wa Mwanza au Tanga wasingalilisikia jina la sindimba. Kosa lake ni kuukata mwendo na kuiacha maana. Mwalimu anayetaka kuifundisha sindimba hana budi kwanza kukaa chini ya wazee wa Newala kama mwanafunzi. Yaliyo siri ya unyago ayaache hukohuko, na yaliyo halali kuonyeshwa ayafundishe pamoja na sababu yake. La sivyo, atafundisha kiuno na kukiita utamaduni.