Jibu Moja la Cleveland

Tarehe 26 Februari 2008, wiki moja kabla ya kura ya mchujo ya Ohio, Hillary Clinton alikutana na Barack Obama katika mdahalo wa Cleveland. Ohio ilikuwa imepoteza ajira nyingi za viwandani, na wafanyakazi wengi waliilaumu NAFTA, mkataba wa biashara huria wa Marekani, Kanada na Meksiko. Sheria ya kuutekeleza ilisainiwa na mumewe, Rais Bill Clinton, mwaka 1993. Jibu alilotoa Hillary kuhusu mkataba huo linafaa kusomwa kipande kwa kipande.

Kwanza alisema amekuwa akiukosoa tangu mwanzo kabisa. Papo hapo akasema hakuwa na msimamo wa hadharani, kwa sababu alikuwa sehemu ya serikali. Kisha akasema ameukosoa tangu alipoanza kugombea useneta. Angalia jinsi wakati unavyoteleza: tumeanza mwaka 1993, na kabla hajavuta pumzi tumefika kwenye uchaguzi wa 2000. Kinachoziba pengo hilo ni kipande cha katikati, na hapo ndipo jibu zima linapopasuka. Katika kampeni ya 2008 alijinadi kwa uzoefu wa miaka 35, minane kati yake akiwa Ikulu kama mke wa Rais. Kuwa ndani ya serikali ilikuwa sifa yake kuu ya kuombea kura. Sasa kuwa humo humo kunageuka udhuru wa kunyamaza.

Tumtendee haki. Mke wa Rais hapigi kura bungeni, na David Gergen, mshauri wa Ikulu wakati huo, alisema Hillary hakuufurahia mkataba ule. Naamini hivyo. Lakini anayeomba kura kwa rekodi ya nyumba nzima hawezi kuchagua vyumba vya kuonyesha wageni.

Tarehe 19 Machi 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ilitoa ratiba za Hillary za Ikulu, zaidi ya kurasa 11,000. Ratiba ni maandishi makavu: saa, mahali, shughuli, bila neno lolote la alichowaza mtu. Ile ya 10 Novemba 1993 inamweka kwenye kikao cha NAFTA kilichofungiwa waandishi wa habari. Wiki moja baadaye Baraza la Wawakilishi liliipitisha sheria ya kuutekeleza mkataba kwa kura 234 dhidi ya 200. Ratiba hizo zilipotoka, Ohio ilikuwa imeshapiga kura, na Hillary alikuwa ameshashinda.