‘Nimefika’: Marehemu anapozungumza katika hali timilifu

NILIKUWA nimeketi juma lililopita katika kibanda cha chai sokoni Zombe, Kaunti ya Kitui, nikisubiri matatu, kijana wa bodaboda alipoongeza sauti ya redio yake. “Prof, huyu E-Sir ni noma!” akaniambia. Nikamuuliza mbona anasema “ni” ilhali msanii mwenyewe alifariki kabla yeye hajazaliwa. Akacheka. “Sasa si bado anaimba?”

Jibu hilo limenikaa kichwani.

Issah Mmari, almaarufu E-Sir, aliaga dunia Machi 16, 2003 katika ajali ya barabarani akitoka kutumbuiza Nakuru. Alikuwa na umri wa miaka 21. Albamu aliyotuachia ni moja tu, *Nimefika*. Wengi wetu, mimi nikiwemo, tuliitegea sikio akiwa tayari marehemu, na hapo ndipo sarufi inapoingia.

Kiambishi -me- huonyesha hali timilifu: tendo limekamilika na matokeo yake yangalipo. Ukiniambia “mgeni amefika”, nitateleka chai. Ukisema “mgeni alifika”, huenda keshaenda zake. Wasemaji wa Kikamba, lugha inayopambanua kwa viambishi lililotendeka leo, jana na zamani, wanaielewa vyema tofauti hiyo. Kwa hivyo, kumsikia marehemu akitamka “nimefika” kunachoma moyo.

Hata hivyo, tujihadhari. Mauti yakishatokea, sisi wahakiki hupenda kugeuza kila neno la msanii kuwa utabiri. Kule Marekani, The Notorious B.I.G. aliuawa kwa risasi Machi 9, 1997, na albamu yake *Life After Death* ikatoka siku 16 baadaye. Watu wakasema alijitabiria. Kumbe jina hilo lilikuwa mwendelezo wa lile la albamu yake ya kwanza, *Ready to Die*, ya 1994.

Vivyo hivyo, *Nimefika* si wosia. Ni majigambo ya kijana aliyeingia ukumbini bila kupiga hodi. Tukimsoma kama nabii, tunampokonya ucheshi na ufundi wake.

Na ufundi upo. Chukua jina la wimbo “Hamunitishi”. Usanifu ungetaka “Hamnitishi”. Enzi hizo niliwapigia wanafunzi wino mwekundu kwa kosa kama hilo, na wimbo wenyewe nikaupuuza. Leo naona nilikosea. Idadi ya silabi ni ileile, tano, maana “m” hapo ni silabi kamili. Lakini “mu” ina irabu, na irabu humpa mghani mahali pa kuegemeza sauti mdundo unapopiga. E-Sir alikuwa na sikio. Mimi nilikuwa na kalamu tu.

Je, albamu haina doa? Inalo. Majigambo yakiandamana wimbo baada ya wimbo huchosha, angalau sikio langu hili la kizee. Hilo nalo tuliseme. Kumheshimu marehemu si kumfunga mhakiki mdomo. Kazi isiyokosolewa huwa imezikwa pamoja na mwenyewe.

Darasani nimewafunza wengi waandike “Shaaban Robert anasema”, ingawa gwiji huyo alifariki 1962. Kijana wa Zombe hakupitia darasa langu, lakini ile “ni” yake ilikuwa sahihi.