Mandhari Inayougua: Mafuta, Mto na Usimulizi katika Oil on Water ya Helon Habila

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiafrika, mandhari aghalabu hutajwa mwanzoni na kusahauliwa papo hapo. Mhakiki hueleza matukio yalitukia wapi na lini, kisha huwaendea wahusika na dhamira, kana kwamba mto na msitu ni pazia la jukwaani tu. Riwaya ya Helon Habila, Oil on Water (2010), yadhihirisha upungufu wa mazoea hayo. Humo mandhari ndiyo inayotendwa: hujeruhiwa, huugua na kufa, na binadamu huifuata.

Mafuta yaligunduliwa Oloibiri, katika Delta ya Niger, mwaka 1956. Eneo hilo lina msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote barani Afrika, na wakazi wake wameishi kwa uvuvi na kilimo. Maendeleo yaliwafikia kwa sura ya mabomba, mafuta yaliyomwagika na gesi inayochomwa usiku na mchana. Mwaka 1995 serikali ya kijeshi ilimnyonga mwandishi Ken Saro-Wiwa, mtetezi wa ardhi ya Waogoni, pamoja na wenzake 8. Habila anaandika baada ya hayo yote. Kwa hiyo riwaya yake haiulizi iwapo madhara yapo. Inauliza: ushahidi ukishatolewa, nani anayeusikiliza?

Kwa nje, msuko ni wa riwaya ya upelelezi. Wanahabari wawili, kijana Rufus na mkongwe Zaq, wanasafiri kwa mashua kumtafuta Isabel Floode, Mwingereza aliyetekwa nyara, mke wa mhandisi wa mafuta. Kinaya ni dhahiri. Mtu mmoja anatafutwa na serikali, kampuni na magazeti. Vijiji vilivyohamwa kandokando ya mto havitafutwi na yeyote. Ndege waliokufa na maji yaliyotanda mafuta si habari aliyotumwa Rufus kuiandika, lakini ndiyo inayoijaza riwaya.

Kiini cha hoja hii kimo katika masimulizi ya daktari ambaye wanahabari hao wanakutana naye kambini mwa wanajeshi. Anakumbuka kijiji kilichoshangilia moto wa gesi ulipowashwa mara ya kwanza, watu wakicheza katika mwanga wake. Kisha mifugo ikaanza kufa, na baadaye watu. Daktari alipima sumu katika maji ya kunywa, akaipelekea serikali matokeo. Akashukuriwa, na karatasi zikafungiwa kabatini. Hata zilipochapishwa ng'ambo, moto haukuzimwa. Kijiji kikatoweka. Daktari hakukosea wala hakunyamaza. Alichokosa ni msikilizaji.

Hapa ndipo fani inapoeleweka. Wakati katika riwaya hii haufuati mstari mnyoofu: Rufus husimulia akirudi nyuma na kwenda mbele, katikati ya ukungu na vijito vinavyofanana, hata msomaji akashindwa kujua yuko sehemu gani ya safari. Yamkini wapo watakaouhesabu mkanganyiko huu kuwa dosari. Ila takwimu za daktari zilipangwa vizuri, na mpangilio huo ndio uliorahisisha kuziweka kabatini. Msomaji aliyepotezwa katika maji machafu hana kabati la kuyafungia.

Hata hivyo, riwaya yenyewe haisalimiki na shutuma inayoitoa. Habila ni mzaliwa wa Kaltungo, kaskazini mwa Nigeria, na msimulizi wake naye ni mpita njia. Tamuno, mzee mwenye mashua, anawasihi wanahabari wamchukue mwanawe hadi Port Harcourt kwa kuwa kwao hakuna tena riziki. Onyesho hilo ni zito. Lakini mzee hapewi nafasi ya kutosha kusema alichokijua kabla ya mafuta, yaani samaki waliokuwapo, misimu yao na tabia za maji. Boma, dada wa Rufus aliyeunguzwa na mlipuko wa mafuta, hutazamwa zaidi ya anavyosikilizwa. Hivyo msomaji huiona hasara, ilhali ujuzi uliopotea pamoja na viumbe hao haufahamu.

Mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya riwaya kutoka, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa kuirejesha ardhi na maji ya Ogoni katika hali njema kungechukua miaka 25 hadi 30. Ripoti ilihesabu uharibifu. Kuuomboleza ni kazi ya fasihi, na kuomboleza kunahitaji majina.

Suala hili halimhusu Mnigeria pekee. Mwaka 2019, kibali cha mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu kilibatilishwa, mojawapo ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa mkazi wa pwani hiyo, miti ya maji chumvi si kitu kimoja: kuna mkoko, mkandaa, muia, mchu, mkomafi na mlilana, na kila mmoja una mahali pake na kazi yake. Mhakiki anayeifunika yote kwa neno moja, mandhari, akaendelea na wahusika, amefanya kwa kalamu yake alichofanya karani aliyepokea karatasi za daktari.