Mashua ya Zamani au ya Karibuni? Ziwa Nyasa Lina Hesabu Yake

Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, enzi hizo Sphinxhaven, ikitengenezwa. Waingereza waliijia na meli yao Guendolen tarehe 13, wakaipiga mizinga, kisha wakaondoa vipuri muhimu isiweze kwenda popote. Mei 1915 wakarudi kuiharibu zaidi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, bodi lile lile, lililoundwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuletwa kwa vipande kupitia Zambezi na Shire, likarudi majini kwa jina la King George V.

Kwa mtu anayetafuta mashua ya tanga iliyotumika, ya kutembelea mwambao wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, kisa hicho kina la kumfaa. Maji baridi hayali chuma kwa kasi ya maji ya chumvi. Tazama pia meli Goetzen ya Ziwa Tanganyika: Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 baada ya kupaka injini zake grisi nzito. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena, ikiitwa Liemba. Basi bodi la chuma la miaka 40 lililoishi ziwani huenda likawa zima kuliko la miaka 15 lililotoka Dar es Salaam. Pima unene wa bati, hasa kwenye fuko la chini ambamo maji hutuama, kabla ya kuuliza mwaka.

Mbao zina mambo mengine kabisa, na hapa ndipo wanunuzi waliozoea bahari hupotea. Pwani, fundi huinama kutazama chini ya mstari wa maji, kwa sababu wadudu watoboao mbao hufanya kazi huko. Ziwani wadudu hao hawapo. Lakini chumvi iliyokuwa ikizuia kuvu nayo haipo, na mvua za mkoa wa Ruvuma ni nyingi. Uozo huanzia juu: maungio ya deki, vichwa vya mataruma, tundu la mlingoti, kila mahali maji ya mvua yanapopenya na kukosa pa kutokea. Choma kwa ncha ya kisu. Ikizama bila kukazana, rangi mpya isikudanganye. Mkuku na mataruma vikiwa vizima, ubao mmoja mmoja hubadilishwa na kalafati hurudiwa.

Wengi hudhani boti ya faiba ya miaka ya karibuni humaliza ubishi. Mimi sikubali. Maji yasiyo na chumvi, tena yenye joto, hupenya faiba kwa urahisi kuliko maji ya bahari, na boti inayokaa majini mwaka mzima huota malengelenge tumboni. Faiba za miaka ya 1960 mara nyingi zilitandikwa nene, kwa kuwa waundaji walikuwa bado hawajaiamini malighafi hiyo. Za baadaye zilipunguzwa uzito na gharama. Kwa hiyo ya zamani iliyolala bandani naipa nafasi kubwa kuliko mpya iliyoachwa ikielea.

Mwaka wa kuundwa una uzito kwenye vitu vinavyochakaa: tanga, kamba, nyaya za mlingoti, injini. Nyaya zilizozidi miaka kumi na kitu zihesabu kama hazipo, upunguze bei. Usizionee huruma, maana kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki, ambao Wamalawi huuita mwera, husukuma mawimbi mafupi yenye kusimama kwenye ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500. Mlingoti hutikiswa pale kuliko bodi.

Mwisho, ulizia usafiri. Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imerahisisha kuteremsha boti kwa lori, lakini mkuku mrefu uliojengewa chini hauteremki bila kreni. Mashua yenye tumbo la kina kifupi, inayoweza kuvutwa hadi mchangani na watu wa kijiji, utaikagua na kuipaka rangi kila mwaka.