Biblia ya Roehl na Msamiati wa Vitabu vya Kikristo

Biblia ya Kiswahili iliyotafsiriwa na Karl Roehl na kupigwa chapa Stuttgart mwaka 1937 hutajwa mara nyingi katika historia ya lugha, na husomwa mara chache. Kwa wataalamu wengi imekuwa mfano wa kosa la mtu mwenye bidii: alitaka kuyaondoa katika Maandiko maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake, na wasemaji hawakumfuata. Hukumu hiyo si ya uongo, walakini ni fupi mno. Humpima Roehl kwa jambo moja tu, yaani kukubaliwa au kukataliwa kwa maneno yake, na huacha swali lililo kubwa zaidi: je, maneno yale yalimfahamisha msomaji nini, ambacho maneno yaliyoshinda hayakumfahamisha?

Mabishano hayo yalianza mapema. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, alisaidiwa na mwanachuoni wa Kiislamu, Sheikh Ali bin Mohedin, aliyekuwa kadhi wa mji. Kwa hiyo maneno kama nabii, dhambi, toba na imani hayakubuniwa na wamisionari. Waliyakuta pwani yakiwa tayari ni maneno ya dini, yenye adabu na uzito wake. Steere aliendelea na njia hiyo hiyo huko Unguja, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891. Biblia ya Kimvita ikafuata mwaka 1914. Ugomvi wa Mombasa na Unguja ulikuwa wa lahaja. Roehl ndiye aliyeuleta ugomvi wa asili ya maneno. Yeye alikuwa amefanya kazi bara, na alipoandika juu ya hali ya lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, mwaka ule ule lilipotoka Agano Jipya lake, alidai kwamba wingi wa Kiarabu ulimfungia mlango mtu wa bara, na tena ulichukua pamoja nao mawazo ya Uislamu.

Dai la kwanza lina haki yake. Dai la pili ndilo lililompoteza, kwa maana limesahau jamaa ya lugha zenyewe. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, na maneno mengi aliyoyafukuza Roehl yalikuwa karibu na matini ya asili kuliko yale aliyoyaleta. Nabii ni navi wa Kiebrania, hekalu ni hekhal, kuhani ni kohen. Malaika na roho vilevile wana ndugu zao katika Kiebrania, na hao Roehl mwenyewe hakuweza kuwatoa, jambo ambalo lingetosha kumwonya. Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni kitenzi kuamini. Mzizi wake ndio uliozaa neno la Kiebrania linalosemwa juu ya Ibrahimu katika Mwanzo 15:6, na ndio uliozaa amina inayojibiwa mwisho wa sala. Kiswahili kimeipokea jamaa nzima: amini, imani, amana, amani, mwaminifu, amina. Mwalimu anayetaka kueleza kwamba imani ya Agano la Kale ni kuwa thabiti juu ya kitu kilicho thabiti anayo zana kamili mkononi, wala hahitaji kutoka nje ya Kiswahili. Nabii Isaya, katika 7:9, anauchezea mzizi huo mara mbili katika sentensi moja, na hakuna lugha nyingi za kutafsiria zenye bahati ya kuwa na mzizi wenyewe.

Roehl aliiacha bahati hiyo akaandika kutegemea. Hapo msomaji asifanye haraka kumlaumu. Katika mazungumzo ya kila siku kuamini kumeelekea kuwa jambo la akili: mtu anaamini kwamba habari fulani ni kweli, kisha anakwenda zake. Kutegemea hakuwezi kuachiwa akili peke yake. Mwenye kutegemea ameweka uzito wake mahali, na tegemeo likiondoka ataanguka. Ukisomwa Waraka kwa Warumi kwa kitenzi hicho, hoja ya Paulo hupata mwili. Basi Roehl alikosea alipofikiri kwamba neno lake lichukue nafasi ya lile la zamani, lakini kama maelezo ya lile la zamani neno lake halijapata mshindani.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtambikaji, aliyewekwa mahali pa kuhani. Kuhani katika Kiswahili ni neno la kitabuni. Watu wengi hawajamwona, nao hulijua kwa Biblia tu. (Katika Kiarabu cha kale neno hilo lilikuwa la mpiga ramli, lakini Wakristo wa Kiarabu walikwisha kulitakasa kwa kulitumia.) Tambiko lilijulikana bara kwa macho: mnyama, damu, mzee anayesema kwa niaba ya ukoo, mlo wa pamoja. Kwa neno hilo Mambo ya Walawi huacha kuwa orodha ya amri kavu, na Waraka kwa Waebrania huonekana unashindana na jambo ambalo msomaji analifahamu. Hatari ipo, kwa sababu tambiko huelekezwa kwa wazee waliokufa, na mhubiri asiyeangalia ataleta mchanganyiko. Lakini neno lisilochanganya chochote kwa kuwa halisemi chochote lina hatari yake pia.

Mfumbuaji, kwa nabii, ni dhaifu. Kufumbua ni kufungua kilichofumbwa, na aghalabu hutumika kwa fumbo au kitendawili. Jina hilo lingemfaa Danieli. Halimfai Amosi, ambaye maneno yake yalikuwa wazi mno hata akafukuzwa Betheli kwa ajili yake.

Kosa lisiloweza kutetewa ni wamizimu. Ndilo jina ambalo Roehl aliwapa watu wasio Wayahudi, wale ambao tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 inawaita mataifa. Neno la Kiyunani halisemi lolote juu ya ibada ya watu hao. Lasema tu kwamba ni makabila mengine. Kwa kuwaita wamizimu, mfasiri amewahukumu kabla mwandishi mtakatifu hajasema neno, na hukumu yenyewe imeangukia nyumba ya msomaji, kwa kuwa mizimu ni ya babu zake, si ya Warumi wala ya Wakorintho. Msomaji wa Usambara au Bukoba alisoma kwamba Paulo ametumwa kwa wamizimu, akaelewa kwamba ukoo wake umetajwa, na umetajwa kwa aibu. Ajabu ni kwamba tafsiri iliyotungwa ili imkaribishe mtu wa bara ndiyo iliyomwekea jina hilo mlangoni.

Juu ya haki hakuna mfasiri aliyeshinda. Muungano huandika kuhesabiwa haki, maneno yenye harufu ya baraza la hukumu, na hilo lampendeza Paulo. Lakini haki kwa Mswahili wa leo ni kwanza kile anachodai apewe. Roehl aliandika wongofu, kutoka kuongoka, na baraza likatoweka, likabaki neno la njia na mwendo. Tena makanisani mwongofu amekuwa mtu aliyeingia dini au aliyeacha maisha ya zamani, hata msomaji wa sasa atapotoka kabisa. Habari Njema, Biblia nzima iliyotolewa katika miaka ya 1990, imejaribu kukubaliwa kuwa mwadilifu. Maana ni safi, sentensi ni nzito, na uadilifu wenyewe ni Kiarabu kama haki.

Mambo haya yangekuwa ya wataalamu peke yao kama yasingalikuwa vitabu vinavyoandikwa juu ya Biblia. Vitabu vya maelezo, miongozo ya madarasa ya Biblia, katekisimo, itifaki za kutafutia aya, karibu vyote vimejengwa juu ya msamiati wa Muungano. Hilo ni faida, maana Mlutheri na Mwanglikana hufahamiana. Upungufu ni kwamba mara nyingi vitabu hivyo hueleza neno kwa neno lile lile. Msomaji akiuliza imani ni nini, hujibiwa kwamba ni kumwamini Mungu. Akiuliza neema, huambiwa ni fadhili, na fadhili ni neema. Mara nyingi maelezo yametafsiriwa kutoka Kiingereza, ambako mwandishi alikuwa akipambanua maneno ya Kiingereza. Upambanuzi huo ukifika katika Kiswahili hauna kitu cha kupambanua.

Hapo ndipo Roehl anapostahili kufunguliwa tena, mezani kwa mwandishi wa vitabu hivyo, si mimbarini. Neno amani litoshe kuwa mfano. Kwa wengi ni kutokuwapo kwa vita. Shalom ya Kiebrania ni zaidi: ni hali ya kitu kizima kisichopungua. Kiswahili kina salama, ndugu wa shalom kwa damu, lakini limekwisha kuwa jibu la kuamkiana. Roehl aliandika utengemano, kutoka kutengemaa, yaani kutulia na kukaa sawa baada ya kuyumba. Husemwa juu ya mgonjwa aliyepata nafuu, na juu ya nyumba iliyokuwa na ugomvi. Mwongozo wa darasa la Biblia ungeliweka neno hilo kando ya amani, kwa mstari mmoja tu chini ya aya, na mwanafunzi angefahamu ni kwa nini Yeremia 6:14 inawakemea watu wanaotangaza amani huku jeraha halijapona.